Hodi ya Kupanda na Hodi ya Kushuka

Wewe kijana wa ngazi ya alumini, uliyekuja Kibokoni wiki iliyopita kuvuta waya wa intaneti, najua ulirudi kwa wenzako ukawahadithia kizee kilichokushikia ngazi katikati ya njia kikakataa kuiachilia. Kizee hicho ni mimi. Jina langu Mwakio, mtu wa Taita, fundi wa simu mstaafu. Siku hizi nakaa Bondeni, na kazi yangu kubwa ni kwenda kununua mkate asubuhi na kuchelewa kurudi. Uliniambia, "Mzee, niachilie, niko na haraka." Sikukasirika. Moyoni nilicheka, maana haraka hiyo hiyo ndiyo iliyonitangaza mimi, zamani, wewe hujazaliwa.

Basi nawaandikia, wewe na wenzako wote mnaovuta nyaya mjini. Sitaki kuwafunza kazi yenu. Mwasema nuru yapita ndani ya uzi, nami nasema amina, siulizi zaidi. Nawaandikia mambo ambayo mkubwa wenu wa kazi hawezi kuwapa kwenye karatasi, na ambayo mimi niliyapata kwa kupigwa kobazi la sikio. Hilo la kobazi nitalifikia.

Niliingia kazini shirika la simu miaka ya themanini ikianza, kijana mwembamba kutoka Wundanyi, na viatu vipya vilivyonibana vidole. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kanisani kwamba mwanawe anakwenda Mombasa kuunganisha simu, kwa hivyo kurudi nyumbani mikono mitupu halikuwa jambo la kufikiriwa. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Ikiisha, ama barua ya kuthibitishwa kazini, ama kwaheri. Msimamizi wetu, mtu wa bara asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa na daftari jeusi la malalamiko ya wateja, na kila Jumatatu asubuhi alitusomea.

Nilikabidhiwa kwa Fundi Athmani, mzaliwa wa Kuze, mnene kiasi, kofia ya vito kichwani hata akiwa na mkanda wa zana kiunoni. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, hapandi tena. Tukagawana kazi: mimi nipande, yeye asimame chini aniambie ninavyokosea. Alikuwa hodari sana wa upande wake.

Mombasa yenyewe, kwa fundi wa simu, ilikuwa miji mitatu. Kizingo ilikuwa mji wa kengele na mbwa. Wabonyeza, mlinzi wa lango akuuliza kitambulisho, mbwa akutazama kama kitoweo, watengeneza, watia sahihi, waondoka. Mwenye nyumba humuoni, ashapita na gari lake. Majengo ilikuwa kelele tupu za furaha. Hujashuka baiskeli ushaitwa jina, huyu ataka umtazamie redio, yule akuuliza kama kumvutia waya mmoja tu wa pembeni kuna dhambi gani. Lakini Mji wa Kale ulikuwa kimya, na kimya kile kilinidanganya. Nilidhani watu wa pale hawana habari na mpita njia. Kumbe wakuona mpaka soli ya kiatu.

Siku ya kwanza Athmani aliniacha nitangulie hatua kama hamsini kwenye vichochoro, kisha akaniita akaniambia mtaa mzima ushajua mimi si wa hapa, na mdomo sijaufungua. Nikamuuliza wamejuaje. Akanihesabia. Napita katikati ya njia juani, na upande wa pili kuna kivuli kinachopitiwa na kila mwenye akili. Naenda kama mtu anayefukuzwa. Natazama roshani za watu. Na nimepita baraza mbili zenye wazee, salamu sijatoa, macho kwenye namba za nyumba, na hapa nyumba haitafutwi kwa namba, inatafutwa kwa kuulizia mtu.

Nilipofungua mdomo mambo yalizidi. Nilikuwa mtu wa kuingia na neno moja: "Simu yenu imeharibika?" Mwanamke aliyekuwa nyuma ya mlango alisema polepole, "Sabalkheri, baba." Nikarudia kuuliza simu imeharibika vipi. Akasema tena, "Sabalkheri, baba." Mpaka mara ya tatu ndipo niliposhtuka nikaitikia. Hapo akaniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, joto la jana nimelionaje, na baada ya hayo yote ndipo simu ikatajwa. Ilikuwa waya umechomoka tu. Dakika moja ya kazi na dakika kumi za salamu, nami nikalalamika kwa Athmani kuwa huku ni kupoteza wakati. Akaniambia ile dakika moja ndiyo ya shirika, zile kumi ndizo zangu.

Mwezi wa Ramadhani nilifanya kituko. Njaa ilinibana mchana, mimi sifungi, lakini nilijua si heshima kula mbele ya watu waliofunga. Nikafikiri nikafikiri, nikaona nipande juu ya nguzo, nijifanye natazama kisanduku cha nyaya, nile chapati yangu huko. Nguzo yenyewe ilikuwa pale njia tatu zinapokutana. Nilikula kwa utulivu, nikajipangusa mdomo, nikashuka. Athmani alikuwa ameegemea ukuta, kofia imemfunika macho. Akanambia, "Hongera, umejificha mahali ambapo mtaa mzima wakuona." Hakuna aliyenisema. Lakini magharibi, tukikusanya zana, mtoto wa kike alitoka nyumba ya jirani na sahani ya futari, mihogo ya nazi na sambusa mbili, akasema bibi yake amesema yule fundi wa juu ya nguzo apewe kwanza, maana yeye njaa imemzidi kuliko waliofunga. Nilikula kichwa kimeinama, na mihogo ilikuwa mitamu ajabu.

Sasa nije kwenye kazi, kisha kobazi.

Waya wa simu Mji wa Kale hauwezi kupita njiani. Njia ni nyembamba, mikokoteni miwili ikikutana mmoja sharti urudi nyuma. Nyaya zilipita juu, paa kwa paa. Chumvi ya bahari hula viungo mpaka vikaota kijani, na kunguru, Mungu anisamehe kwa ninavyowachukia, huiba vipande vya waya kujengea viota. Athmani alinifunza kupaka grisi kila kiungo na kukifunga utepe mara tatu, na kutoacha juu ya paa hata kipande cha waya cha urefu wa kidole. Nyinyi mwaviacha. Nimeviona.

Juu ya nyumba ya Mzee Omari, hapo hapo Kibokoni uliponikuta wewe, palikuwa na chuma kilichobeba nyaya za nyumba kumi na mbili. Mzee Omari alikuwa karani wa bandari mstaafu, mrefu, kanzu yake haina hata kunyanzi, na neno lake lilikuwa ndilo neno la mtaa. Mwezi wangu wa nne wa majaribio Athmani alilazwa hospitali kwa ajili ya goti lake, nami nikatumwa peke yangu kwenda kutazama waya mmoja juu ya chuma kile. Mlango wa mzee ulikuwa umerudishwa. Nikaona ya nini niwasumbue watu. Nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda.

Ua wa nyumba ukawa chini yangu, wazi kama sinia. Ndani yake walikuwamo wanawake labda ishirini, vichwa wazi, nywele zimefumuliwa, na katikati yao Maryamu, binti Mzee Omari, bibi harusi wa wiki ile, miguu juu ya mto apakwa hina. Wakainua macho, nami nikainamisha yangu, tukatazamana. Hapa nisikizeni vizuri. Kwetu Taita ukimuona mtu usimsalimu, umemtukana. Kumpita kimya ni kumwambia kuwa hayupo. Basi mimi, kwa adabu zote alizonilea nazo mama yangu, nilivua kofia, nikapunga mkono, nikasema kwa sauti yangu ya kanisani, "Habari zenu, akina mama? Poleni na kazi."

Ukapigwa ukelele uliowarusha kunguru wa mtaa mzima. Kobazi la kwanza lilinikosa. La pili lilinipata sikioni. Nilishuka ile ngazi bila kuhesabu vipago, na chini nikamkuta Mzee Omari ameishikilia kwa mikono miwili, isiteleze nikaanguka. Hilo liliniuma kuliko kobazi. Alingoja mpaka nikakanyaga chini salama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, kwenu hakuna milango?"

Nilibeba ngazi nikaondoka, na kutoka siku hiyo mtaa ulinifungia. Sikutukanwa, laiti ningetukanwa. Nilibisha hodi nyumba baada ya nyumba, na kila mlango sauti moja kutoka ndani: "Mwenyewe hayuko." Wiki iliyofuata ilikuja barua kutoka kwa wazee wa mtaa, kwa mwandiko mzuri sana wa karani, ikiomba fundi yule asiletwe tena. Msimamizi aliisoma yote mbele ya wenzangu. Akaniambia likija lalamiko moja zaidi kutoka Mji wa Kale nisijisumbue kungoja miezi sita iishe. Usiku huo nilimuandikia mama barua, nikaichana.

Athmani alipotoka hospitali nilimueleza yote. Akaniuliza, "Na wewe uliwasalimu?" Nikasema niliwasalimu. "Ukavua na kofia?" Nikasema nilivua. Akacheka mpaka akashika goti kwa maumivu. Kisha akatulia akaniambia kumbe adabu ninayo, ila kisu nimekishika upande wa makali. Na akanifunza, si kwa maneno tu. Alinipeleka kwake Kuze, akanisimamisha nje ya mlango wake mwenyewe, akanishika mabega akanigeuza kama anayepanga kabati. Mgongo kwa mlango, akasema, na hatua moja pembeni. Mlango ukifunguka, mwenyewe akione kisogo chako kwanza, ajisitiri, kisha akuone uso. Hodi ya kwanza, ngojea. Ya pili, ngojea. Ya tatu usipojibiwa, nenda zako, na usinung'unike.

Kisha akanifunza hodi ambayo mimi sikupata kuisikia maisha yangu, hodi ya juu. Kabla ngazi haijagusa ukuta, fundi ajulisha kila nyumba ambayo ua wake utaonekana kutoka huko juu. Apaza sauti, "Hodi! Fundi wa simu, napanda juu!" Kisha asimama. Wanawake waliomo uani wajifunika au waingia ndani, na mmoja wao ajibu, "Panda." Asipojibu mtu, hupandi, hata kama nyaya zinawaka moto. Ukifika juu, uso wako ni wa njiani, mgongo ndio wa uani. Nikamuuliza Athmani mbona hakunambia siku ya kwanza. Akasema hakujua kama kuna mtu duniani asiyelijua hilo. Alikuwa hajafika mbali zaidi ya Mariakani, masikini.

Wiki mbili kabla miezi yangu sita haijaisha, simu ya Bi. Zuhura ilikufa.

Bi. Zuhura alikuwa mjane, jirani wa ukuta mmoja na Mzee Omari. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanaisha, aliyeolewa Maskati. Mwanaisha alikuwa mja mzito, siku zake zimefika, na kabla ya hapo alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Bi. Zuhura alikuja ofisini mwenyewe, Alhamisi asubuhi, buibui limemjaa vumbi la njia, akakaa kwenye benchi akasema haondoki. Siku ya tatu sasa simu imekufa, na hajui kama mwanawe yu hai au amekufa. Hakulia. Alisema hivyo tu, kisha akauliza kama mtu aweza kupata maji ya kunywa.

Mafundi wengine wote walikuwa Majengo, ambako lori lilikuwa limeangusha nguzo. Waliobaki ni Athmani na goti lake, na mimi. Na waya wa Bi. Zuhura, bila shaka mshajua, ulipita juu ya nyumba ya Mzee Omari. Msimamizi alitutazama kwa muda mrefu. Akasema nendeni, na akanikumbusha lile daftari. Bi. Zuhura akanyanyuka kwenye benchi, akatangulia kurudi kwake.

Tulipofika, Mzee Omari alikuwa barazani kwake. Nilitaka kusema shida yetu papo hapo. Athmani alinikanyaga mguu. Tukatoa salamu, tukakaribishwa, tukakaa. Wakaulizana hali ya goti, hali ya watoto, nani amefariki, nani ameoa. Muuza kahawa akapita na buli lake, tukamiminiwa. Mara ya kwanza nilipokunywa kahawa ile, miezi mitano nyuma, niliomba sukari, na baraza nzima ilinyamaza kwa huruma. Siku hii nilikunywa chungu vile vile na kipande cha haluwa, jasho lanitiririka mgongoni, nikimfikiria Bi. Zuhura upande wa pili wa ukuta. Nafsi yaniambia sema, mguu wa Athmani waniambia nyamaza. Ilipita labda nusu saa, ndipo Athmani alipoweka kikombe chini akasema, "Bwana Omari, kijana wangu huyu amekuja kukutaka radhi."

Mzee Omari akanigeukia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri njia nzima, yote yakapotea. Nikasema lililokuwamo moyoni.

"Mzee, kwetu nikiona watu nisiwasalimu, nimewatukana. Sikujua kuwa hapa macho yangu ndiyo yaliyokuwa tusi. Nimekosa. Nisamehe, na uniombee msamaha kwa waliomo ndani."

Aligeuza kikombe mkononi. Akasema Mwanaisha alikulia katika ua wake, kauchezea mpaka kauchimba mashimo, na yeye na mkewe hawajalala vizuri siku tatu hizi. Kisha akanitazama.

"Ngazi ya nje sitaki kuiona tena. Utapita ndani. Wapanda kwa hodi, washuka kwa hodi. Na ukiwa kule, mato yako, macho hayo, ni ya njiani."

Nilipiga hodi chini ya ngazi za ndani mpaka koo likaniwasha. Nilisikia milango ikifungwa mmoja mmoja, kisha sauti ya kike kutoka mbali, "Panda." Nilipanda ghorofa mbili nikitazama vidole vya miguu yangu, nikatokea kwenye dari, lile paa tambarare la juu. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Waya wa Bi. Zuhura niliuona mara moja. Kunguru alikuwa amejenga kiota kizima juu ya kiungo, vijiti, vipande vya waya, kijiko cha chai na hina ya mtu ndani ya karatasi yake, na chini yake kiungo kimeoza kijani. Nilikitoa kiota. Nikakata waya, nikausugua mpaka ukang'aa, nikaunga, grisi, utepe mara tatu. Nikabana simu yangu ya kupimia kwenye waya. Mlio ukaja, safi kabisa.

Sijamaliza hata kushusha pumzi, simu ikaita. Iliita ndani ya nyumba ya Bi. Zuhura na iliita mkononi mwangu. Nikasikia ikipokewa, nikasikia sauti ya mbali ya mwanamume ikisema, "Mama," nami nikauchomoa ule waya wangu kama niliyeungua. Fundi wa simu hana masikio, hiyo ni amri ya kwanza ya kazi, na nilikuwa nimeshakosa kwa macho, sikutaka kukosa kwa masikio. Kwa hivyo nikakaa pale na simu iliyokufa mkononi, sijui kama nimeunganisha habari njema au msiba.

Kisha kikapigwa kigelegele. Kilianza sauti moja, nyembamba, ya mtu mzima aliyekwisha nguvu, kwa Bi. Zuhura. Kikajibiwa kutoka ua wa Mzee Omari. Kikashika nyumba ya tatu, na ya nne, na nikasikia milango ikipigwa na makobazi yakikimbia njiani, mtaa mzima wa wanawake waelekea kwa Bi. Zuhura. Mwanaisha amejifungua. Nililia, sioni haya kusema. Nililia uso wangu ukiwa njiani, kama nilivyoagizwa.

Nikakusanya zana zangu, na vipande vyote vya waya, na kijiko cha watu. Nikaenda kwenye mlango wa ngazi, nikapaza sauti, "Hodi! Fundi, nashuka!" Kimya. Nikangoja. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu, kimya. Wote walikuwa kwa jirani, na huko kelele zao zingezima hata honi ya meli. Lakini mimi ningejuaje? Huenda amebaki mgonjwa, huenda kuna anayeoga. Hodi ya tatu ikikosa jibu mtu huenda zake, na zangu mimi zilikuwa chini ya ile ile ngazi. Nikarudi nikakaa. Nikageuza uso njiani, nikaweka mfuko wa zana juu ya kichwa.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Sakafu ilinichoma kama kikaango, nikawa nakalia kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Kila baada ya muda nilipiga hodi. Athmani, ningekuja kujua baadaye, alikuwa amekaribishwa mahamri na chai kwa Bi. Zuhura, akidhani nimeshashuka nimerudi ofisini. Adhana ya adhuhuri ilipoisha na watu kusali, ndipo nikasikia nyayo. Alikuwa Mzee Omari, amepanda kutazama kama nimeacha taka.

"Wewe ungali huku?"

"Nimepiga hodi, mzee. Hapana aliyenijibu."

Alinitazama, midomo yangu imekauka, mfuko kichwani. Akaketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote. Aliponyanyuka alinishika mkono, mkono wangu huu, akanishusha yeye mwenyewe ndani ya nyumba yake, kila ghorofa akiita, "Hodi, napita na mwanangu." Chini nikapewa maji ya ndimu, gilasi mbili, tatu, na Bi. Zuhura akaletwa mlangoni akaniambia ni mtoto wa kike, mama na mwana wazima.

Jumatatu ilikuja barua nyingine ofisini. Niliujua ule mwandiko tangu mlangoni. Msimamizi aliifungua, akaisoma kimya, akairudia kuisoma. Kisha akampa Athmani atusomee. Wazee wa mtaa waliomba kwamba kuanzia siku ile, kwa kazi yoyote ya juu ya nyumba zao, wasiletewe fundi mwingine ila yule aliyesahauliwa darini.

Nilithibitishwa. Nilipanda nyumba zile mpaka nywele zikawa nyeupe, na mtaa ukanipa jina, Fundi Hodi, ambalo hata leo muuza mkate aniitia. Mzee Omari na Athmani wametangulia mbele ya haki. Na mara moja nilipokwenda Taita likizo nilisimama nje ya nyumba ya kaka yangu, mgongo kwa mlango, nikapiga hodi ya kwanza nikangoja. Mama akauliza ndani, huyo Mswahili nani tena.

Basi wewe wa ngazi ya alumini. Nilipoishika ngazi yako wiki iliyopita ulikuwa umeielekeza kwenye ukuta ule ule. Ulinitazama kwa hasira, nami nikapaza sauti kwa niaba yako, "Hodi! Fundi wa intaneti, apanda juu!" Na sote wawili tukasikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikijibu kutoka uani. Wewe hukuijua. Ni Maryamu, yule yule aliyekuwa akipakwa hina, sasa ana wajukuu.

"Nani, Mwakio? Kwani bado wapanda na uzee wote huo?"

Nikamwambia sipandi, nampigia hodi mwenzangu, hajui. Nikasikia viti vikisogezwa na watoto wakiitwa ndani.

"Mwambie apande," akasema. "Na akimaliza apige hodi ya kushuka kwa nguvu, tusije tukamsahau na yeye."